Baba Aliniita Mama, Nami Sikusikia

Wasomaji wenzangu, nina miaka hamsini na sita. Nimeolewa, nimezaa watano, nina wajukuu, na kwa majirani zangu hapa Njoro mimi ni mwanamke wa kucheka tu. Wengine hunisengenya kwamba nacheka hata matangani! Waache waseme. Hawajui kuna neno moja ambalo nikilisikia likitoka kinywani mwa mzee, iwe sokoni au kanisani, mimi hutafuta mahali pa kukaa.

Neno lenyewe ni "mama".

Mtaniuliza, mwanamke mzima mwenye watoto watano anaogopaje neno hilo? Ngojeni niwaeleze...

Nilizaliwa kwenye shamba la ngano la Mzungu mmoja, upande huu huu wa Njoro. Baba yangu, Mzee Asava, alitoka Maragoli akiwa kijana, akachimba udongo mweupe kule Kariandusi, kisha akaja hapa kuendesha ng'ombe wa plau. Nilipozaliwa alikuwa tayari mtu mzima wa mvi. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa bado nanyonya, akazikwa kando ya kambi ya wafanyakazi. Tulibaki baba, mimi, na kaka yangu mkubwa Enosi, ambaye alikuwa amesoma akaajiriwa karani wa reli mjini Nakuru.

Sasa sikilizeni jambo hili vizuri, maana mkasa wangu wote umelala hapo. Kwetu mtoto hupewa jina la mtu aliyetangulia. Enosi, kwa jina lake la nyumbani, alibeba jina la babu, aliyemzaa baba. Mimi nilibeba jina la nyanya, mama yake baba, Kageha. Na mtoto akishabeba jina la mzazi wako humwiti hovyo hovyo kama unaita mbuzi! Ni utovu wa adabu. Kwa hiyo tangu nizaliwe, baba hakuwahi kunitamka Kageha hata siku moja. Aliniita Mama. Na Enosi, ingawa ni mwanawe wa kumzaa, baba alimwita Baba.

"Mama, leta maji." "Mama, uji umeiva?" Nilikua nikisikia hivyo, nikaona ni jambo la kawaida. Meno yangu ya utoto yalipoanza kung'oka, alinitania mbele ya watu, "Jamani, mama yangu amezeeka! Meno yanamtoka!" Kambi nzima ilicheka, nami nilicheka nao huku mapengo yangu yakiwa nje.

Nilikuwa na miaka kama minane macho ya baba yalipozimika. Yaliingia weupe, kwanza moja, kisha la pili. Daktari wa Nakuru alisema ni mtoto wa jicho. Watu wa kambi wakapata la kunitania. Wakasema mtoto wa jicho ni huyu Kageha, si ndiye macho ya mzee? Na kweli ilikuwa hivyo. Nilimpikia, nilimwosha miguu, nilimshika mkono tukaenda kanisani na dukani. Shule niliiacha. Sikuona nimepoteza kitu, nilikuwa na baba yangu!

Lakini sitawadanganya kwamba yalikuwa maisha mazuri kwa mtoto. Sufuria iliniunguza mkono wa kushoto, na alama ninayo mpaka leo. Kuna siku tulilala njaa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi nikashindwa kuwasha moto. Mtu wa nje angetuona angesema huyu mtoto aokolewe, na huyu mzee naye aokolewe. Na mtu wa nje alikuja...

Ilikuwa miaka ile ya hamsini na kitu, wakati wa hali ya hatari. Majirani zetu Wakikuyu walikuwa wamepakiwa kwenye malori kurudishwa makwao, wengine wakapelekwa kizuizini, na watoto wengi wakabaki wakizurura Nakuru bila mwenyewe. Serikali ikaweka watu wa kuwatafuta watoto wa namna hiyo, pamoja na wazee waliotupwa. Sisi tuliwaita watu hao Welfea. Wakati huo huo shamba letu likanunuliwa na Bwana mpya, naye akasema asiyefanya kazi asilale kambini. Nyapara wetu alikuwa mtu wa huruma. Akapeleka habari zetu kwa Welfea, akidhani anatusaidia.

Kurudi Maragoli? Kipande cha shamba cha baba kilikuwa kimelimwa na binamu zake mpaka mlangoni. Tulituma salamu, na hata salamu hazikujibiwa.

Tumaini la baba lilikuwa Enosi. Kila nilipomwuliza tutakwenda wapi, alinijibu bila wasiwasi wowote, "Baba yupo. Baba hawezi kuniacha njiani."

Ole wake baba yangu! Enosi alikuwa na chumba kimoja kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, na ndani yake mke mpya, msichana wa mjini aliyevaa viatu hata jikoni. Mke huyo alisema wazi kwamba hawezi kulala chumba kimoja na baba mkwe. Na kwa desturi yetu hakukosea, jambo hilo ni mwiko hasa! Lakini majirani wapo, jikoni papo, mbao za kukata chumba zipo... Mtu akitaka njia huipata. Enosi hakuitaka.

Basi yule mama wa Kizungu wa Welfea akafika asubuhi moja, mrefu, amevaa kofia ya majani, na Kiswahili chake cha jikoni. Akamleta Enosi awe mkalimani. Nilifurahije! Nilimkimbilia kaka nikamkumbatia mguu. Aliniondoa taratibu, akapangusa suruali.

Yule mama alikaa kwenye kigoda chetu, akamwuliza baba mwenyewe, "Mzee, nani napika chakula yako?"

Baba alipenda sana wageni. Akatabasamu, akasema, "Mama ndiye ananipikia."

"Mama gani?"

"Mama yangu! Kuna mwingine?"

Yule mama akamgeukia Enosi, wakasema Kizungu kidogo. Kisha akauliza tena, safari hii kwa sauti ya upole kama anasema na mgonjwa, "Mama yako iko wapi sasa?"

"Si huyu hapa!" Baba akanyoosha mkono, akanipapasa kichwa. "Huyu ndiye ananiosha miguu. Lakini naye siku hizi amezeeka, meno yamemtoka. Mama, hebu fungua mdomo wageni waone!"

Nikafungua mdomo. Nikacheka. Watu wa kambi waliosimama mlangoni wakacheka mpaka wakashikana. Yule mama hakucheka.

Alimtazama Enosi, akimngoja aeleze. Jamani, maneno machache tu yalihitajika! "Ni desturi yetu, huyu mtoto amebeba jina la mama yake." Kaka yangu alijua Kizungu cha kuandikia Wazungu wa reli, angekosa maneno hayo? Alitazama chini. Kisha akainua kidole, akagonga kichwa chake hapa karibu na sikio, akatikisa kichwa kwa huzuni.

Mimi, mtoto, nilidhani anajikuna.

Maana ya kidole kile nilikuja kuelezwa nikiwa mkubwa. Utaratibu wa Welfea ulikuwa hivi: mzee mwenye akili timamu, tena mwenye mtoto aliyeajiriwa, huchukuliwa na mtoto wake. Mzee aliyepotewa na akili hupelekwa kwenye nyumba ya wazee pembeni mwa Nakuru, na mtoto aliye chini yake huondolewa mara moja, kwa usalama wake. Kaka yangu alilijua hilo. Siku ile hakusema uongo hata mmoja. Alinyamaza tu na kidole chake...

Kikulacho ki nguoni mwako, wasomaji wenzangu!

Siku ya kuondoka, baba aliuliza, "Tunakwenda wapi, Baba?" Enosi akamjibu kwamba ni hospitali, kutazama macho. Mzee alifurahi hata akaomba avae koti lake la kanisani. Alipojua kwamba mimi ninapanda gari lingine, alinitafuta kwa mikono mpaka akanipata, nami nalia.

"Nyamaza, Mama," akaniambia. "Nikifika nitakuita. Ukisikia nakuita, uje mbio vile unakujanga."

Nikasema nitakuja.

Nilipelekwa kwenye makao ya wasichana, mjini Nakuru. Sitaki kuwadhulumu watu walionilea. Nililala kwenye shuka kwa mara ya kwanza maishani. Nilikula mkate, nikarudi shule, nikafundishwa kushona. Kusoma na kuandika kwangu huku mnakokuona kulitoka kule. Na nyumba ya wazee haikuwa mbali. Mtu angetoka kwetu kwa miguu asubuhi, akamsalimu mzee, akarudi kabla ya chakula cha mchana!

Lakini hatukuruhusiwa kutoka ovyo, na nyakati zenyewe zilikuwa za askari na kuonyesha vipande vya ruhusa njiani. Nilimwuliza mama mlezi wetu, "Baba ameniita?" Akasema bado. Kengele ya geti ikilia niliacha sindano nikasimama. Bado. Nilikuwa naogopa hata kukohoa kwa nguvu wakati wa jioni, isije sauti yake ikanipita.

Enosi alikuwa amehamishiwa stesheni ya Longonot. Alikuja kuniona mara chache na peremende mfukoni. Nilimsihi anipeleke kwa baba. Akaniambia, uso mkavu kabisa, "Mzee hajambo. Akikuhitaji atakuita, si alikwambia?" Na kumbe yeye mwenyewe alikuwa hajafika kwake tangu siku ile alipomwacha mlangoni!

Mtoto ni mtoto. Nilianza kumkasirikia baba. Nilijisemea, amepata watu wa kumwosha miguu, amenisahau. Meno yangu yakaota yote, makubwa na meupe, na nikaona uchungu kwamba hana haja ya kuyajua.

Halafu siku moja Enosi akaja amefunga kitambaa cheusi mkononi. Nilikwenda kuvaa viatu.

Mazishi yalikuwa ya watu wachache, nyuma ya nyumba ile ya wazee. Baada ya sala, mwanamke mmoja wa makamo alitufuata, akatushika mikono. Aliitwa Rebeka, mtunzaji wa wazee, mwanamke mwenye uso mwema kabisa. Alitaka kutufariji. Wasomaji, nawaapia, alitaka kutufariji tu...

"Poleni watoto," alisema. "Mzee wenu alikuwa mtu mzuri, hakumsumbua mtu. Ni akili tu ilikuwa imerudi utotoni. Kila jioni alikaa pale mlangoni akamwita mama yake. 'Mama! Mama, njoo unishike mkono!' Sisi tukamwacha aite. Wazee wengi huita mama zao."

Enosi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Nilimwuliza jina la huyo mama," Rebeka akaendelea. "Akasema jina la mama halitajwi hovyo. Basi! Nikamhurumia, mzee mzima anamngoja marehemu kila siku. Siku moja nikaona si vizuri adanganyike. Nikamwambia pole pole, 'Mzee, mama yako alishakufa.' Heh! Alishtuka kama ndiyo habari mpya. Akauliza nani amesema. Nikamwambia, 'Ni mwanao mwenyewe. Tulimwuliza habari za mama yako, akasema alikufa.' Na kaka huyu ndivyo alivyotuambia siku alipomleta. Akauliza kama alizikwa vizuri. Nikamwambia alizikwa vizuri, mzee, usijali."

"Halafu?" nikauliza.

"Halafu akauliza kinyozi yuko wapi. Akaomba anyolewe nywele, zote. Tukafikiri anataka usafi, tukamnyoa. Lakini akashuka kitandani akakaa chini sakafuni, na kila tulipompandisha alishuka. Uji akakataa, chai akakataa. Hakuita tena. Ndivyo alivyokwenda, kimya kimya, maskini."

Wasomaji wenzangu, mnajua kwetu mtu hunyolewa nywele lini? Mnajua mtu huketi chini lini?

Baba yangu hakuwa amerudi utotoni! Baba yangu alikuwa matangani. Aliambiwa kwamba Mama amekufa, na mwenye habari ni Baba, mwanawe aliyemwamini kuliko macho yake yaliyopofuka. Angekosaje kuamini? Akanyoa, akaketi chini, akanililia mimi... Mimi niliyekuwa hai! Pengine saa ile ile nilikuwa naruka kamba na wenzangu, upande wa pili wa mji, na meno yangu mapya!

Nilipiga yowe. "Mama ni mimi! Aliyekuwa akiitwa ni mimi!"

Rebeka alinitazama, kisha akamtazama Enosi, ambaye hakukana. Yule mwanamke akajiweka chini palepale juu ya udongo mbichi, akafunika uso kwa leso, akalia kwa sauti kama aliyefiwa na baba yake mzazi. Sikuweza kumchukia. Alisema ukweli alioujua.

Enosi naye alilia. Akasema alitaka mzee apate mahali pa kulala. Akasema alikuwa na nia ya kumfuata baadaye, akipata nyumba kubwa. Nyumba kubwa aliipata miaka miwili mitatu iliyofuata. Ina vyumba vya kutosha wazee wanne.

Mtaniuliza kama nimemsamehe. Kwa mdomo nimemsamehe, tena mbele ya mchungaji. Akija kwangu nampikia chai, anakunywa, tunazungumza habari za mvua na bei ya mahindi. Lakini hajawahi kugusa kichwa chake mbele yangu, hata akiwashwa. Na mimi moyo wangu una mwendo wake, siwezi kuuchapa kama ng'ombe wa plau.

Na yule mama wa Welfea? Nimemfikiria sana. Simwoni kuwa mtu mbaya. Aliona mkono ulioungua, akaona kipofu anayeishi kwa nguvu za mtoto, akataka kutuokoa sote wawili. Wala hakukosea kusema mtoto wa miaka minane hapaswi kumbeba mzee. Lakini alikuwa na nyumba ya watoto huku na nyumba ya wazee kule, na hakukuwa na nyumba ya mtu na baba yake. Walitulisha, wakatulaza, na wakatukata katikati. Mpaka leo nawaona wenye vyeo wakipanga mambo ya watoto meza hii na mambo ya wazee meza ile, nami natamani kuwapigia kelele kwamba hao watu walikuwa wanashikana mikono!

Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Hapo nawakatalia wahenga, na waniwie radhi. Aambiwe! Asiyejua maana aambiwe mapema, aambiwe tena, hata akichoka kusikia. Ukimpeleka mzazi wako kwa wageni, iwe hospitali au nyumba ya wazee au kwa mfanyakazi wa nyumbani kwako, usiwaambie tu dawa zake na chakula chake. Waambie anawaitaje watu wake. Waambie Baba ni nani na Mama ni nani. Na wewe uliyesoma, ukisimama kati ya mzazi wako na mgeni ukaona neno linakwenda kombo, usinyamaze! Nawasihi, msinyamaze kwa kuona haya, wala kwa sababu kunyamaza kunawapunguzia mzigo. Mzigo wa Enosi haukupungua, naujua, namwona anavyoubeba.

Mimi nina mjukuu wa miaka sita aliyebeba jina la baba yangu. Silitaji jina hilo, namwita Baba. Wiki hizi namtania kwamba Baba amezeeka, meno yanamtoka.

Na macho yangu nayo yameanza kuingia weupe. Daktari anasema siku hizi hutolewa bila taabu, lakini mimi sichezi na mambo hayo. Nimewakusanya wanangu wote, wakwe zangu, hata msichana anayenisaidia jikoni, nikawaambia hivi: siku nitakapokuwa sioni, mkanikuta nimekaa mlangoni naita "Baba! Baba!", asitokee mtu mwema akaniambia kwamba baba yangu alikufa zamani. Hilo nalijua, nilisimama kaburini kwake. Mleteni yule mtoto anishike mkono.